Petroli Baridi: Gunzi Chini ya Bawa

Risasi ilitoka.

Wewe uliyelikunja gazeti Jumamosi iliyopita ukisema Mbula amekwisha, likunjue. Hakufa. Risasi ilipita kando ya kichwa, ikachana ncha ya sikio la kushoto, ikagonga ukuta wa mawe. Damu ikamtiririka shingoni, ya moto, ilhali vidole vilivyoshika kipimajoto bado vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi.

"Masikio mawili yalikuwa mengi," Ndunda alisema. "Mtu wa kusikia maagizo anahitaji moja tu."

"Mzee, uko na wazimu?" Kapteni Musau, rubani, alipiga kelele mlangoni. "Unapiga risasi kando ya lita mia sita za petroli? Unataka tuokotwe na ufagio?"

Ndunda akaishusha bastola. Hakuishusha kwa huruma. Aliishusha kwa sababu rubani alikuwa mmoja tu.

Kwa aliyetukuta njiani: Mbula ni mwanamke fundi wa friji, ana kibanda chake mjini Machakos. Aliitwa ranchi moja ya Lukenya kutengeneza tangi la kupozea maziwa ndani ya banda la mawe. Alipofunua kifuniko, harufu iliyompanda puani haikuwa ya maziwa. Akasema anarudi mjini. Wakamwonyesha dada yake Wayua, amefungwa kamba mikono na miguu, ameketishwa nyuma ya ndege ndogo iliyoegeshwa nje.

Wayua alimwona Ndunda, mwenye machimbo ya mawe, akimponda mfanyakazi wake kichwa kwa nyundo. Jumatatu alikuwa asimame kortini aseme alichokiona. Ndunda hakutaka Jumatatu hiyo ifike. Alitaka kurukia mbali, ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, kwenye kiwanja cha vumbi ambako hakuna anayeuliza jina. Na njiani, juu ya Ziwa Turkana, Wayua angeshushwa bila ngazi.

Kitu kimoja kilimkwamisha. Tangi za ndege zikijaa kabisa, safari bado ilipungukiwa na dakika kumi.

Hapo ndipo baridi ilipotakiwa. Petroli ikipozwa hunywea, kama mtu anayekunja magoti usiku wa Julai, na tangi lile lile likabeba lita kumi na moja zaidi. Lita kumi na moja ni dakika kumi angani. Mbula aliwahi kuwafanyia kazi hiyo madereva wa mbio za magari, na sifa haina mlango. Ilimfikia hata mtu mbaya.

Alijaribu kuvuta muda. Kipimajoto kilisema digrii mbili, yeye akasema kumi na nne. Mbithi, mpambe wa Ndunda, akachungulia juu ya bega lake na kusoma mwenyewe. Hilo ndilo lililoitoa risasi.

Uweke akilini uongo huo, msomaji. Ulikuwa mmoja tu, tena wa mtu anayempigania dada yake. Lakini leo utaua.

"Jaza ndege," Ndunda alisema.

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Mbula alivuta mpira wa petroli uliofungwa magunia mabichi ili baridi isitoroke, akapanda ngazi, akaanza kujaza tangi la bawa la kushoto. Damu ya sikio ilidondoka juu ya bati jeupe. Kupitia kioo alimwona Wayua. Jicho moja limefumba kwa uvimbe. Lile jingine lilikuwa linamtazama yeye, halipepesi.

Petroli ilipokaribia mdomo wa tangi, Mbula akasimamisha pampu.

"Nani amekuambia usimame?" Mbithi aliuliza, panga begani.

"Hapo ndipo mwisho. Nimeacha kidole."

"Kidole cha nini?" Ndunda alisogea.

"Cha pumzi. Hii ni baridi. Jua likiipiga itavimba, itatafuta mahali pa kwenda. Susu, nyanya yetu kule Kola, akitia kaluvu, ile pombe ya miwa, kwenye kibuyu, anaacha kidole shingoni. Asipoacha, kibuyu kinapasuka. Hata mtoto anajua hivyo."

"Kidole kimoja kila tangi ni lita ngapi?"

"Tano na kitu."

"Mara mbili?"

Kapteni Musau ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu aliyegundua jambo asilolipenda. "Kumi na moja, mzee."

Ndunda akacheka mpaka akashika kiuno. "Mmesikia? Baridi imenipa lita kumi na moja, na susu yake anazitaka zote kumi na moja!"

"Ukiruka saa hii hii hazitakuwa na shida, utazichoma kabla hazijavimba. Ukikawia juani—"

"Dakika kumi zilizopita ulisema digrii kumi na nne, mwiitu, msichana wewe." Kicheko kilikuwa kimekauka. "Mbithi, akiacha kidole tena, kikate chake."

Mbula akajaza. Akajaza la kushoto, akajaza la kulia, mpaka petroli ikasimama kwenye midomo ya tangi ikitetemeka kama chozi. Akafunga vifuniko. Kapteni alikuwa ametoka kwenda kufukuza ng'ombe waliolala katikati ya njia ya kurukia, akipiga mbinja na kutukana.

Ndipo tone la kwanza lilipoanguka. Chini ya bawa la kushoto kuna kibomba chembamba, kama kidole gumba, kinachoangalia nyuma. Tone moja. Tone la pili.

"Aiya! Inavuja!" Mbithi alisema. Alitazama huku na huku. Chini palikuwa na magunzi ya mahindi ya kuchoma waliyokula asubuhi. Akaokota moja, akalichonga ncha kwa panga, akalisukuma ndani ya kibomba. Kisha akaligongomea kwa jiwe, mara tatu, Ndunda akimtazama, kama anavyoziba jerikeni ya maji anapotoka mtoni.

"Mbithi, toa!" Mbula alishuka ngazi akikimbia. "Hiyo ndiyo pua ya tangi zote mbili! Hewa inaingilia hapo. Ukiiziba, injini—"

Ubapa wa panga ukamkuta mdomoni. Alianguka na ladha ya chuma ulimini, na jino moja likatoka pamoja na mate.

"Kwanza inavimba, sasa inakosa hewa," Mbithi alisema. "Kesho utasema imeshika mimba. Simama, rudisha huo mpira!"

Msomaji, Mbithi hakuwa mjinga wa kuzaliwa. Mama yake alipika kaluvu maisha yake yote. Angekumbuka kwamba kibuyu cha kaluvu huzibwa kwa kulegeza, angeishi. Lakini mkono wake ulikumbuka jerikeni.

Mbula alirudi bandani akiburuta mpira, Mbithi nyuma yake. Kichwa kilikuwa kinavuma, lakini neno lake mwenyewe lilikuwa linamzunguka ndani: ukikawia juani. Ukikawia.

Juu ya ukingo wa tangi la maziwa, kando ya glavu za Kapteni, palikuwa na funguo ya ndege.

Hakufikiri mara mbili. Aliifagia kwa kiwiko. Ikalia tumbwi, ikazama kwenye petroli iliyobaki.

Mbithi alibaki kinywa wazi. Kisha akaanza kumpiga.

Alimpiga kwa ngumi, akampiga kwa mateke, akamkanyaga mkono uliofanya jambo lile mpaka kitu kikalia kama ukuni mkavu. Mbula alijikunja kama jongoo, kipimajoto cha kioo amekificha ndani ya blauzi, akihesabu. Kila teke lilikuwa nusu dakika. Piga, alisema moyoni. Piga, jua linapanda.

"Mwache!" Ndunda aliingia. "Funguo iko wapi?"

"Ndani, bosi. Ameitupa ndani."

"Basi ingia uitoe."

"Ndani ya petroli? Bosi, hiyo ni barafu!"

Bastola ikainuka tena. Mbithi akaweka panga chini, akapanda, akaingia.

Mlio alioutoa ulisikika mpaka kwa ng'ombe. Petroli ya digrii mbili haishiki mtu kama maji ya mto. Inamng'ata. Ilimfika kiunoni, na alipoinama kupapasa chini ikamfika shingoni. Mara ya kwanza akaibuka mikono mitupu. Mara ya pili akatapika. Mara ya tano ndipo akaibuka na funguo, midomo imekuwa ya buluu, meno yakigongana kama njuga za ngoma.

Nusu saa nzima ilikuwa imepita, ndege imesimama kwenye jua la Lukenya.

"Mzee!" Kapteni aliita nje. "Njoo uone. Hili bawa linalia."

Kweli lilikuwa linalia. Kuzunguka kifuniko cha tangi petroli ilikuwa inapenya, uzi kwa uzi, ikitambaa juu ya bati na kudondoka kwenye majani. Ndani ya bawa kulisikika kitu kikinyooka: kwaa, kwaa, kama bati la nyumba mchana.

"Lita zangu!" Ndunda alinguruma. Kisha akamtazama Mbula, aliyetambaa mpaka mlangoni mwa banda akiwa ameshika mkono uliovunjika. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na shaka machoni mwake. Lakini shaka hiyo haikukaa. Mtu aliyezoea kuua hukasirika haraka kuliko anavyofikiri. "Washa ndege! Tuondoke kabla haijaisha yote!"

Mbithi alikuwa amempa funguo na hakuna aliyemwangalia tena. Alitembea kwa kupepesuka, akitiririka petroli kuanzia kidevuni mpaka viatuni. Mwili wote ulikuwa unataka kitu kimoja. Na kitu hicho kilikuwa pale, hatua ishirini kutoka bandani, chini ya mgunga, pale Kapteni alipokuwa amechemshia chai.

Jiko la makaa. Bado jekundu.

Mbula aliona kabla ya wote. Msomaji, yule alikuwa amemvunja mkono na kumng'oa jino. Lakini Mbula hakuwa ameumbwa kunyamaza.

"Mbithi! Usisogee kwa jiko! Mbithi, wacha, utaungua!"

Mbithi aligeuka, anatetemeka, na akatabasamu kwa midomo yake ya buluu. "Wewe... na uongo wako."

Akanyoosha mikono kuota moto.

Hakuna aliyesikia mlipuko. Ilikuwa pumzi tu, kama mtu anayezima mshumaa, ila huu uliwaka. Alikuwa Mbithi, kisha akawa moto wenye miguu. Akazunguka. Akapiga yowe lisilo na maneno. Kisha akapata neno moja.

"Bosi!"

Akakimbia kwa bosi wake. Na bosi wake alikuwa amesimama chini ya bawa linalodondoka petroli.

Ndunda alimpiga risasi ya kwanza kifuani. Mbithi hakusimama. Ya pili ikampata koo. Alianguka hatua kumi kutoka kwenye ndege, akaendelea kuwaka, na majani makavu yakaanza kuwaka pamoja naye.

"Alikuwa mtu wangu miaka tisa," Ndunda alisema, kama anayeeleza bei ya kokoto. Kisha akamshika Mbula kwa nywele. "Wewe umeniulia mtu. Utakaa kiti chake. Ziwa halina choyo, litawameza wawili."

"Kapteni!" Mbula alipiga kelele. "Chini ya bawa, kile kibomba, ameweka gun—"

Kapteni alikuwa ameshajifungia ndani ya ndege, hakusikia. Kitako cha bastola kikamfunga Mbula mdomo. Kilichofuata ni tambara la kufutia injini, likasukumwa mpaka kooni na kufungwa kwa kamba. Mikono ikafungwa waya mbele. Akarushwa nyuma ya ndege, juu ya magoti ya Wayua.

"Mbula," Wayua alinong'ona. "Mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu, wamekufanya nini?"

Mbula hakuweza kujibu. Lakini vidole vya mkono mzima viliingia ndani ya blauzi, vikatoa kipimajoto cha kioo, vikakisukuma kwenye viganja vilivyofungwa vya dada yake. Wayua akakipapasa. Akakificha chini ya paja.

Injini ikanguruma. Moto ulikuwa umefika bandani. Walipoacha ardhi, nyuma yao tangi la maziwa lilipasuka, na bati za paa zikaruka juu kama ndege waliofukuzwa shambani.

Ndunda alikuwa ameketi kando ya rubani, shingo imegeuka kuwatazama mateka. Akacheka. "Tangi zimejaa, Kapteni?"

"Mishale yote miwili iko juu kabisa, mzee."

"Na susu wa Kola aseme nini sasa!"

Walipita juu ya Lukenya. Wakaelekea kaskazini, vilima vya Kangundo vikanyanyuka chini yao, mibuni na miembe imebanana, hakuna mahali tambarare hata pa kulaza mkeka. Ndani ya tangi petroli ilikuwa inashuka, na hewa ya kujaza nafasi yake haikuwa na mlango. Gunzi lilikuwa limekaa. Tangi zilikuwa zinanyonya utupu, na utupu ulikuwa unavikaza vifuniko na kulivuta gunzi ndani zaidi.

Injini ikakohoa.

Kapteni Musau akatazama mishale. Imejaa. Akageuza swichi. Injini ikakohoa tena, ikashika, ikalegea.

"Ni nini?" Ndunda aliuliza.

"Sijui. Petroli iko. Haishuki." Jasho lilikuwa limemtoka. "Iko na haishuki!"

Nyuma yake kitu kilikuwa kinapiga kiti. Dum. Dum. Dum. Alikuwa Mbula, kwa miguu yote miwili. Kapteni akanyoosha mkono nyuma na kuling'oa tambara mdomoni mwake.

"Gunzi!" Mbula alitema damu. "Mbithi aliziba kibomba cha hewa kwa gunzi la mahindi! Chini ya bawa la kushoto!"

"Anadanganya," Ndunda alisema.

"Gunzi?" Kapteni aligeuka mzima. "Mliziba pumzi ya ndege kwa gunzi? Mzee, uliona?"

Ndunda alikuwa ameona. Akayageuza macho dirishani, na Kapteni akaelewa.

Injini ikakata. Pangaboi lake la mbele likazunguka mara mbili zaidi, likasimama wima kama mlingoti. Ikabaki sauti ya upepo peke yake.

"Niko na dakika tatu za kuteleza," Kapteni alisema. "Tatu na nusu nikiomba Mungu. Mtu atoke nje alitoe."

"Toka wewe."

"Na nani ashike ndege? Wewe?"

Ndunda alimtazama Mbula kwa muda ambao hakuwa nao. Kisha akausokotoa waya mikononi mwake. "Fundi. Kazi yako haijaisha."

Kapteni akasogeza kiti mbele, akausukuma mlango wa kushoto dhidi ya upepo. Mbula akapita nyuma ya mgongo wake, akatoa mguu mmoja, kisha wa pili. Upepo ukamvaa kama maji ya mafuriko. Aliukumbatia mhimili wa bawa kwa kiwiko cha mkono uliovunjika, akapiga yowe, akasogea. Chini ya soli zake mibuni ya Kangundo ilikuwa inakua.

Akanyoosha mkono mzima. Vidole vikaligusa. Lilikuwa limejikaza, baridi, limebaki ncha tu ya kushikia.

Akageuza kichwa kutazama ndani.

Ndunda alikuwa ameupita mgongo wa kiti chake. Mlango mkubwa wa kulia ulikuwa wazi, na alikuwa amemshika Wayua kwenye kola, anamburuta. Hakusubiri ziwa. Alikuwa anapunguza uzito.

"Vuta!" Ndunda alipiga kelele. Injini ilikuwa kimya, na kila neno lilisikika. "Vuta hilo gunzi!"

Mbula hakulivuta.

"Mrudishe kitini kwanza!"

"Nitamtupa!"

"Mtupe! Mtupe, na hili gunzi libaki hapa hapa! Tutafika chini wote, na wewe utafika tangi zikiwa zimejaa!" Alikuwa analia, na upepo ulikuwa unayafuta machozi kabla hayajashuka. "Nilikuambia acha kidole, hukuniamini. Nilikuambia litoeni, hukuniamini. Sasa niambie, Ndunda. Unaniamini?"

Bastola ikatafuta kifua chake. Haikupata pa kutua. Kumpiga yeye ni kumpoteza wa kulitoa gunzi.

"Kapteni ageuze ndege!" Mbula alisema. "Turudi Machakos! Ndipo nivute!"

Ndunda akafumbua mdomo kujibu, mgongo wake kwa Wayua.

Hapo ndipo Mbula alipoona mikono ya dada yake. Ilikuwa imeachana. Kamba ilikuwa inaning'inia, imekatwa nyuzi nyuzi, na ndani ya ngumi ya Wayua kulikuwa na kipimajoto kilichovunjwa kwenye chuma cha kiti, kipande kirefu cha kioo, kimeinuliwa juu ya shingo ya Ndunda.

Ndunda hakukiona.

Kapteni Musau, shingo imegeuka, alikiona.

Naye akafungua mdomo.

Itaendelea Jumamosi ijayo.